Huyu si Mwenzetu

Siku moja, katika kijiwe chetu karibu na stesheni ya Mpanda, nilitamka kwamba mtu mmoja aliyekaa kizuizini miaka kumi na moja kwa ajili ya wafanyakazi wa Afrika Mashariki alikuwa Mhindi. Wenzangu walicheka sana. Mmoja wao, mtu mzima mwenye wajukuu, aliniuliza duka la Mhindi huyo lilikuwa mtaa gani. Mwingine akataka kujua kama hao wafanyakazi aliwakopesha sukari. Nilijaribu kueleza, kelele zikanishinda, nikanyamaza na kumalizia kahawa yangu. Usiku ule niliwasha taa nikaanza kuandika haya, kwa sababu kwenye karatasi hakuna anayeweza kunikatiza.

Sitaki msomaji adhani kwamba nawacheka wale wazee. Kicheko chao nakijua, maana nami nimekuwa nacho maisha yangu yote. Tumelelewa tukijua kwamba Mhindi ni mtu wa mizani na kaunta, kama tulivyolelewa tukijua kwamba Mrundi ni mkimbizi, Msukuma ni ng'ombe na Mfipa ni mchawi. Ukimtaja mtu kwa kabila lake umeshammaliza, huna haja tena ya kumsikiliza anasema nini. Ugomvi wangu ni na tabia hiyo, wala siugombi na wazee wa kijiweni peke yao.

Mtu niliyemsema anaitwa Makhan Singh. Alizaliwa mwaka 1913 katika kijiji cha Gharjakh, jimbo la Punjab, upande ambao leo uko Pakistani. Baba yake alikuwa fundi seremala aliyetangulia Kenya kufanya kazi katika reli, kisha akaanzisha kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Nairobi. Kijana alimfuata baba yake mwaka 1927, akasoma Nairobi, akamaliza, akaingia katika kazi ya uchapaji ya familia. Hadi hapo hakuna ajabu. Wahindi wa namna hiyo walikuwa wengi, nao wengi walitulia, wakajenga, wakaozesha watoto wao, wakafa kwa amani.

Mwaka 1935 alichaguliwa katibu wa chama cha wafanyakazi ambacho wakati huo kilikuwa cha Wahindi tu. Jambo la kwanza alilolifanya, yeye na wenzake, lilikuwa kuliondoa neno "Wahindi" katika jina la chama. Kikawa Chama cha Wafanyakazi cha Kenya, mlango wazi kwa mtu wa rangi yoyote na dini yoyote, na miaka miwili baadaye jina likapanuliwa tena likawa la Afrika Mashariki nzima. Hebu tupime uzito wa jambo hili. Siku zile mshahara ulikuwa na ngazi tatu: ya Mzungu juu, ya Mhindi katikati, ya Mwafrika chini kabisa. Fundi wa Kihindi alikuwa na kitu cha kupoteza. Mwajiri alichohitaji kumwambia ni neno moja tu, kwamba ukikaa meza moja na Mwafrika utashushwa ngazi uwe sawa naye. Makhan Singh aliwaambia mafundi wenzake kinyume chake, kwamba maadamu Mwafrika analipwa senti, wewe nawe utatishwa kwa senti hizo hizo kila utakapodai nyongeza. Mwaka 1937 mafundi wa Nairobi waligoma kwa muda wa miezi miwili, wakashinda nyongeza ya mshahara.

Mwishoni mwa 1939 alisafiri kwenda India. Huko serikali ya Mwingereza, ile ile iliyokuwa ikimtazama kwa jicho baya Nairobi, ilimkamata mwaka 1940 ikamweka ndani, na baada ya kumtoa ikamzuia asitoke nje ya kijiji chake hadi mwanzoni mwa 1945. Aliporudi Kenya mwaka 1947 serikali ilitaka kumfukuza nchini. Hapo ndipo pa kucheka, kama tunataka kucheka. Serikali ya watu waliotoka London ilimwambia kijana aliyekulia Nairobi kwamba yeye ni mgeni asiyetakiwa! Alikwenda mahakamani, akabishana nao, hakuondoka.

Tarehe 1 Mei 1949 lilianzishwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Afrika Mashariki. Rais wake alikuwa Fred Kubai, Mkikuyu, na katibu mkuu Makhan Singh, Kalasinga mwenye kilemba. Serikali ilikataa kuliandikisha. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, mbele ya mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha Wahindi, Makhan Singh alisimama akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Aliyesimama kusema hivyo hadharani, mwaka 1950, wakati wakubwa wengi walikuwa bado wanaomba viti viwili vitatu katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuwa mtu wa kijiji cha Gharjakh.

Wiki tatu baadaye, tarehe 15 Mei, alikamatwa pamoja na Kubai. Kesho yake Nairobi ikagoma. Kwa muda wa siku tisa hivi maelfu ya wafanyakazi wa Kiafrika walikaa nje ya kazi, wakapigwa mabomu ya machozi, wakakamatwa. Madai yao yalikuwa mshahara wa chini wa shilingi 100, kufutwa kwa kanuni zilizowabana madereva wa teksi, na kuachiwa kwa viongozi wao watatu: Kubai, Chege Kibachia wa mgomo wa Mombasa wa 1947, na Makhan Singh. Makuli na mapagazi wa Nairobi walivumilia njaa na virungu wakidai Mhindi atolewe ndani. Ningependa yule mzee wa kijiweni alisome sentensi hilo mara mbili.

Hawakumtoa. Shauri lake lilisikilizwa Nyeri mbele ya Jaji Thacker, yule yule ambaye baadaye aliwahukumu Jomo Kenyatta na wenzake Kapenguria. Alipelekwa Lokitaung, jangwani kwa Waturkana, kisha Maralal, kisha Dol Dol. Vita vya Mau Mau vikaanza na kwisha yeye akiwa humo. Kenyatta, aliyekamatwa Oktoba 1952, aliachiwa Agosti 1961. Makhan Singh, aliyekamatwa Mei 1950, alitoka Oktoba 1961. Tukihesabu, alikaa zaidi ya miaka kumi na moja, akamzidi hata yule ambaye nchi nzima ilikuwa ikimwimbia.

Na baada ya uhuru je? Hakupewa cheo serikalini. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimepata wakubwa wapya, wenye marafiki Marekani na Uingereza, nao hawakuwa na kiti cha kumpa. Alijiunga na KANU, akaendelea kusema wazi kwamba yeye ni Mkomunisti, akaketi kuandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi 1952. Kitabu kilitoka 1969. Alifariki Mei 1973. Kwa Wahindi wengi wenye mali alikuwa mtu aliyewatia matatani, na kwa wakubwa wapya alikuwa Mhindi, kwisha habari. Mimi kitabu chake niliazimwa na fundi mmoja mstaafu wa reli, kikiwa kimepoteza jalada, kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa. Nilikisoma kwa taabu kwa sababu Kiingereza changu ni cha karani, lakini nilikisoma chote kilichobaki.

Msomaji ataniuliza, yote haya yanahusu nini Mpanda? Nairobi ni mbali, na huyo bwana sijui kama aliwahi hata kuiona Tabora.

Yanaihusu sana. Mji huu haukuzaliwa na kabila moja. Ulizaliwa na mgodi wa risasi, ile madini, si ile ya bunduki. Kwa ajili ya mgodi huo Mwingereza alijenga reli ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Kaliua, mwishoni mwa miaka ya 1940, na reli ikaleta watu wa kila aina: Wanyamwezi, Waha, Wafipa, Wanyakyusa, mafundi wa Kihindi na wasimamizi wa Kizungu. Baba yangu alikuja kwa miguu kuomba kazi ya sururu. Mgodi ulifungwa 1960, na wale waliokuja wakabaki, wakalima. Mwaka 1972 wakaja Warundi waliokimbia mauaji ya kwao, wakapewa Katumba, na baadaye kidogo Mishamo. Wakaja wafugaji na ng'ombe zao kutoka kaskazini. Kabla ya wote hao walikuwapo Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, ambao Mwingereza aliwakusanya katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, na pori walilotoka likageuka kuwa la wanyama. Anayejidai leo kuwa mwenyeji wa mji huu wa Mpanda, nikimuuliza babu yake alishukia behewa gani, hanijibu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Mwaka 1996 nilikuwa karani katika ghala moja la tumbaku. Jina la mwenye ghala silitaji. Makuli walilipwa kwa kila robota walilopakia kwenye behewa, na kazi yangu ilikuwa kuandika hesabu. Msimu ulipochanganya, upakiaji uliendelea hadi usiku, na hesabu ya usiku haikuandikwa na mimi, iliandikwa asubuhi kwa kumuuliza msimamizi anakumbuka ngapi. Msimamizi alikuwa hakumbuki zote. Mimi nilijua, kwa sababu robota zilizotoka ghalani na robota zilizolipiwa hazikulingana katika daftari langu mwenyewe, na tofauti ilikuwa ya upande mmoja siku zote.

Miongoni mwa makuli alikuwapo kijana mmoja wa Katumba. Alizaliwa kule kambini na wazazi Warundi, alisoma hadi darasa la saba, Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Huyu alikuwa na daftari lake. Kila usiku aliandika kwa mstari mmoja kila robota lililopita mabegani mwa wenzake. Alifanya hivyo kwa wiki sita. Siku moja makuli walikutana nyuma ya ghala kuchagua watu watatu wa kwenda kuzungumza na mwenye mali. Waliniomba niwe mwenyekiti wa kikao kwa sababu nilijua kuandika na niliheshimika. Jina la kwanza lililotajwa lilikuwa la kijana yule. Kabla halijaandikwa, sauti moja ikatoka nyuma: "Huyu si mwenzetu. Huyu kesho anarudishwa kwao, sisi ndio tutabaki na lawama."

Watu walinitazama. Nilijua kwamba hakuna mwingine mwenye hesabu isipokuwa yeye na mimi. Nilijua pia kwamba yeye akienda, daftari lake litaulizwa lilingane na langu, na langu litanitia matatani. Nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye hekima, kwamba tusilete mambo ya uraia katika kikao, tuchague wazawa ili tusimpe mwajiri sababu. Nilipigiwa makofi. Wakachaguliwa watatu, wazawa watupu, ambao hapana hata mmoja aliyekuwa na tarakimu mkononi. Waliingia ofisini, wakakaa nusu saa, wakatoka na ahadi. Mmoja baada ya mwezi alifanywa msimamizi msaidizi. Kijana wa Katumba hakupangiwa kazi tena tangu wiki ile, wala hakuna aliyeuliza kwa nini, na mimi nikiwa wa kwanza wa wasiouliza.

Wakati nafanya hivyo sikuwahi kulisikia jina la Makhan Singh. Nililisoma miaka mingi baadaye, na nilipofika pale alipoondoa neno "Wahindi" katika jina la chama, nilifunga kitabu nikatoka nje.

Najua hoja itakayoletwa, na ni hoja ya haki, siipuuzi. Watasema: wenyeji nao wana haki. Mbende au Mpimbwe aliyepokonywa pori mara moja kwa ajili ya malale, mara nyingine kwa ajili ya hifadhi, mara ya tatu na mwenye ng'ombe elfu, atalindwa na nani kama kila anayekuja ni ndugu? Nami nasema alindwe, tena kwa nguvu zote. Lakini tuangalie ni nani aliyewahi kumlinda mtu wa namna hiyo, na kwa njia gani.

Nchini India kulikuwa na mtu aliyeitwa Shankar Guha Niyogi. Alikuwa mtu wa Bengal, aliyekwenda kufanya kazi katika kiwanda cha chuma cha Bhilai, mkoa wa Chhattisgarh. Alipofukuzwa kazi kwa ajili ya siasa zake hakurudi kwao. Aliishi na wenyeji wa misituni, makabila ambayo India yenyewe huyadharau, akajifunza lugha yao, akaoa kwao, akavunja mawe pamoja nao. Katika machimbo ya chuma ya Dalli Rajhara mwaka 1977 yeye na vibarua wa mkataba walianzisha chama chao. Mwaka ule ule polisi waliwafyatulia risasi, wakaua watu kumi na mmoja. Wachimbaji hao walijenga hospitali kwa michango yao wenyewe, ikafunguliwa 1983. Walipiga vita ulevi, kwa sababu waliona mshahara wote unaishia kwa mwenye kilabu. Walidai ardhi na misitu ya wenyeji kwa sauti ile ile waliyodai mishahara. Usiku wa tarehe 28 Septemba 1991 Niyogi alipigwa risasi amelala, kupitia dirishani. Wenye viwanda walishtakiwa pamoja na mpiga risasi, na kesi ikapanda mahakama hadi mahakama, na ilipomalizika mwaka 2005 aliyebaki na hatia alikuwa mpiga risasi peke yake.

Mtu huyo naye alikuwa wa kuja. Kama wachimbaji wa Dalli Rajhara wangekaa nyuma ya ghala na karani wao akawaambia wachague wazawa watupu, wangebaki na nini? Haki ya mwenyeji wa Chhattisgarh haikupotea kwa sababu kiongozi alikuwa Mbengali. Ilipiganiwa kwa sababu yeye hakuwauliza wao ni kabila gani kabla ya kuuliza wanalipwa ngapi, nao hawakumuuliza yeye. Walioiba pori la Wabende hawakuwa makuli wa Kirundi. Aliyewaibia makuli usiku hakuwa Mrundi. Alikuwa mzawa kama mimi, na kalamu iliyonyamaza ilikuwa yangu.

Huku kwetu habari ya vyama naipitia haraka, maana inauma na wote tunaijua. Mwaka 1947 mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulifuata reli hadi bara, bila mtu kuuliza wa Tabora ni kabila gani. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma mgomo mrefu. Miaka minne baadaye, baada ya maasi ya jeshi, vyama vyote vilivunjwa likaundwa moja, NUTA, lenye katibu mkuu wa kuteuliwa na Rais. Ikaja JUWATA, ikaja OTTU, ikaja TUCTA. Majina yamebadilika, makato ya mshahara hayakubadilika. Lakini hata serikali ingetuacha huru kabisa, mimi sioni tungefika wapi na vikao vya namna ile ya nyuma ya ghala. Chama hakikuvunjwa na mkuu wa wilaya siku ile. Nilikivunja mimi kabla hakijazaliwa.

Mwaka 2014 watu wa Katumba na Mishamo walianza kupewa vyeti vyao vya uraia, wao na wenzao wa Ulyankulu, zaidi ya laki moja na nusu kwa ujumla. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa sokoni Mpanda, nikamwona mtu anashusha magunia ya mchele kutoka kwenye lori lake mwenyewe. Nywele zimeanza mvi. Alinitambua kabla sijamtambua. Akanishika mkono kwa mikono miwili, kama watu wa kwao wanavyomsalimu mkubwa, akanijulia hali ya nyumbani, akauliza kama bado nina macho ya kusoma. Nilitaka kumwambia habari za Makhan Singh, zikanikwama.

Akasema, "Karani, ile hesabu yetu ya usiku. Waliwahi kuilipa?"

Nikamwambia hapana.

Akasema daftari bado analo.